Tangi la samaki nyumbani: je, ni lazima kununua pampu ya hewa?

Ni asubuhi, kabla watoto hawajaenda shule, na samaki wote wako juu. Wamepanga midomo kwenye uso wa maji, wanaifungua na kuifunga haraka haraka, na mmoja ameanza kulala ubavu. Jana jioni walikuwa wakiogelea vizuri na chakula walikimaliza. Mzazi anakimbilia duka la samaki wa mapambo mjini, anaambiwa tatizo ni hewa, ananunua pampu, na anaporudi nyumbani wawili wamekufa.

Kisa kama hicho kinaweza kutokea Section 58, Lanet, Kiamunyi au Naivasha mjini, popote penye tangi la kioo sebuleni, katika ofisi au kwenye chumba cha wagonjwa kusubiri. Wakaazi wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hubaki na swali moja: je, tangi dogo la nyumbani linahitaji pampu ya hewa, au ni gharama ya bure?

Jibu fupi ni kwamba tangi lenye samaki wachache na kichujio kinachotikisa maji halihitaji pampu ya ziada. Lakini zipo hali ambapo bila pampu samaki hawatafika asubuhi, na moja ya hali hizo inatokana na mahali Kaunti ya Nakuru ilipo, yaani juu kabisa ya usawa wa bahari.

Oksijeni huingia kwa juu

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, ambayo huipata maji yanapopita kwenye matamvua yake. Oksijeni hiyo ni kidogo mno ikilinganishwa na ile ambayo binadamu anaivuta. Katika usawa wa bahari, kwa mfano Mombasa, lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 25 haiwezi kubeba zaidi ya takriban miligramu 8.3 za oksijeni. Lita moja ya hewa pale pale ina karibu miligramu 270, yaani zaidi ya mara 30. Kwa hiyo samaki huanza siku yake akiwa na akiba ndogo sana, na inapotumika ni lazima nyingine iingie.

Mlango wa kuingilia ni mmoja tu wa maana, nao ni uso wa maji, pale maji yanapokutana na hewa. Tangi pana na fupi lina mlango mpana. Tangi jembamba na refu lina mlango mwembamba hata kama linabeba maji mengi zaidi. Lile bakuli la kioo la mviringo ambalo wengi huanza nalo ndilo baya kuliko yote, hasa likijazwa hadi shingoni, kwa sababu pale juu upana wake ni kama wa kikombe. Anayelo na hataki kuliacha alijaze hadi katikati tu, mahali ambapo tumbo la bakuli ni pana zaidi. Maji yatapungua lakini hewa itaongezeka.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kuhusu pampu. Hudhani kwamba vile viputo vinavyopanda ndivyo vinavyoyeyuka na kuwa oksijeni ya samaki. Kiputo hukaa majini sekunde moja au mbili tu, na kinachoyeyuka humo ni kidogo. Kazi kubwa ya viputo ni kuyasukuma maji ya chini yapande juu, na kuuvunja uso wa maji vinapopasuka. Maji yaliyochoka hukutana na hewa, huchukua oksijeni, kisha hushuka tena. Chochote kinachofanya kazi hiyo kinatosha. Kichujio ambacho mdomo wake unaelekezwa juu kiasi cha kutikisa uso wa maji kinafanya kazi ile ile ya pampu, na tangi lenye kichujio cha namna hiyo tayari limepata hewa yake.

Mwinuko na baridi ya Nakuru

Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha ni juu kidogo ya hapo. Molo inakaribia mita 2,450. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na hewa yenye mgandamizo mdogo husukuma oksijeni kidogo kuingia majini. Hii ndiyo hewa nyembamba ambayo wanariadha huja kufanyia mazoezi katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Wanariadha huja kwa hiari. Samaki wa sebuleni hakuulizwa.

Kwa hesabu, maji yale yale ya nyuzi 25 ambayo Mombasa hubeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, Nakuru mjini hubeba takriban 6.6, na Molo karibu 6. Hiyo ni hasara ya karibu moja kwa tano kwa mkaazi wa Nakuru, na karibu robo kwa mkaazi wa Molo, kabla hata samaki wa kwanza hajaingizwa. Vitabu na maelekezo mengi ya ufugaji wa samaki wa mapambo huandikwa kwa ajili ya miji iliyo karibu na bahari. Anayeyafuata neno kwa neno akiwa Njoro au Kuresoi huishia kuweka samaki wengi kuliko maji yake yanavyoweza kubeba.

Kuna nafuu moja. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, na usiku wa Nakuru unajulikana kwa baridi. Tangi lisilo na hita, likikaa kwenye nyuzi 18 hivi, linaweza kubeba takriban miligramu 7.6 kwa lita hapa hapa mjini. Samaki wa dhahabu, ambao asili yao ni maji ya baridi, hawana shida na joto hilo, na hawahitaji hita kamwe.

Lakini gapi, beta na samaki wengine wadogo wa rangi rangi wametoka nchi za joto na hutaka nyuzi 24 hadi 26. Kwa hiyo mwenye tangi huko Molo au Njoro hununua hita, na hita hiyo inafuta ile nafuu ya baridi. Tena maji ya moto huwafanya samaki wahitaji oksijeni zaidi, kwa kuwa miili yao hufanya kazi kwa kasi. Maji yanabeba kidogo na samaki wanataka zaidi. Kwa mwenye hita katika kaunti hii, pampu ya hewa au kichujio kinachotikisa maji vizuri ni kitu cha kununuliwa siku ile ile anaponunua hita.

Tangi linabeba samaki wangapi?

Wafugaji wa zamani wana kanuni ya makadirio ambayo bado inafaa, kwa sababu inahesabu uso wa maji badala ya lita. Kwa samaki wa dhahabu, kila sentimita moja ya urefu wa samaki, bila mkia, huhitaji takriban sentimita mraba 75 za uso wa maji. Kwa samaki wadogo wa maji ya joto, sentimita mraba 30 hutosha.

Chukua tangi la kawaida lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30. Uso wake ni sentimita mraba 1,800. Ukigawanya kwa 75 unapata sentimita 24 za samaki wa dhahabu, na ukigawanya kwa 30 unapata sentimita 60 za samaki wadogo. Sasa punguza moja kwa tano kwa ajili ya mwinuko wa Nakuru. Zinabaki takriban sentimita 19 na 48. Kwa maneno mengine, tangi hilo bila pampu wala kichujio lingebeba samaki wa dhahabu wawili wa sentimita 9 kila mmoja, au gapi kumi na mbili wa sentimita 4. Wengi huweka mara mbili ya hao, kisha hushangaa.

Ikumbukwe pia kwamba samaki wa dhahabu anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole hukua. Akitunzwa vyema hupita sentimita 20, na wawili wa namna hiyo wanaweza kumaliza hewa ya tangi ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa la kutosha. Anayepanga kuwa na samaki wa dhahabu zaidi ya wawili asihangaike na hesabu, anunue pampu.

Kwa upande mwingine wapo samaki ambao hawaitegemei oksijeni ya majini peke yake. Beta ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama mtu, ndiyo maana anavumilia chombo kidogo, ingawa kuvumilia si kufurahia. Kambare wa mabwawani naye hupanda juu kuvuta hewa. Kamongo, aliyeletwa katika Ziwa Baringo miaka ya 1970, amefika mbali zaidi: ana mapafu, na akizuiwa kufika juu hufa maji akiwa samaki. Hata tilapia mdogo wa Magadi, aliyeletwa Ziwa Nakuru katika karne iliyopita ili apunguze mbu, hujua kunyonya hewa ya juu oksijeni inapopungua kwao. Samaki wa dhahabu na gapi hawana kipawa hicho. Wakionekana na midomo juu wanatafuta ile safu nyembamba ya maji iliyo jirani na hewa, na hiyo haiwatoshi kwa muda mrefu.

Mbona asubuhi?

Mimea ya majini hutoa oksijeni mchana kwa msaada wa mwanga. Taa ikizimwa, mimea hiyo hiyo huanza kuitumia oksijeni kama samaki. Mabaki ya chakula na kinyesi kilicho chini nayo huozeshwa na bakteria, na bakteria hao hupumua usiku kucha. Kufikia alfajiri akiba imeshuka hadi kiwango cha chini kabisa cha siku nzima. Tangi linaloonekana salama saa tatu usiku linaweza kuwa hatarini saa kumi na moja alfajiri, na ndiyo sababu mzazi wa mwanzo wa makala haya hakuona dalili yoyote jioni.

Njia rahisi ya kujua kama tangi linahitaji pampu ni kuamka mapema siku moja, kabla ya taa kuwashwa na kabla ya chakula, na kuwatazama samaki. Wakiwa chini au katikati, wametulia, na matamvua yakienda polepole, hakuna haja ya pampu. Wakiwa wote juu, jibu limepatikana bila kulipa mtu.

Hata hivyo samaki kuhema hakumaanishi kila mara kwamba hewa imepungua. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili yawe salama kwa watu, na klorini hiyo huunguza matamvua. Samaki wakianza kuhema dakika chache baada ya kubadilishiwa maji, hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Maji ya mfereji yawekwe kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima kabla ya kutumika, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki. Maji ya kisima kirefu yana kasoro nyingine. Mengi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo mno kwa kuwa yamekaa mbali na hewa. Yamiminwe kutoka juu, ndoo moja hadi nyingine mara kadhaa, kabla ya kuingizwa kwenye tangi. Na tangi jipya ambalo halijakomaa hujaza amonia, ambayo pia huwafanya samaki waheme. Pampu haiondoi amonia. Kubadilisha sehemu ya maji ndiyo dawa.

Samaki wakikutwa wanahema na hakuna pampu nyumbani, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine tena humo kutoka juu kidogo, kwa dakika kumi au kumi na tano. Kazi hiyo inafanana na ya pampu, ila inachosha mkono. Kisha badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yaliyotayarishwa, toa mfuniko, zima hita kwa muda, na usiwape samaki chakula siku hiyo. Utando wa mafuta ukionekana juu ya maji, uondoe kwa kulaza karatasi safi juu yake na kuivuta, kwa kuwa utando huo huziba ule mlango wa hewa.

Stima ikipotea

Pampu ndogo ya nyumbani hutumia umeme kidogo sana. Ya wati 3 ikiwashwa mchana na usiku kwa siku 30 hutumia takriban yuniti 2 za tokeni. Kwa hiyo kuizima usiku ili kuokoa stima, kama baadhi ya watu wanavyofanya kwa sababu ya kelele, ni kuizima wakati inapohitajika zaidi. Anayesumbuliwa na kelele aiweke juu ya kitambaa kilichokunjwa.

Tatizo kubwa zaidi ni stima yenyewe kupotea. Wakenya wengi wanakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipokosa umeme kwa saa nyingi. Mwenye tangi lililojazwa samaki kwa kutegemea pampu ndiye aliyekuwa na wasiwasi usiku ule. Mwenye samaki wachache alilala. Hii ni sababu nyingine ya kutoweka samaki kupita kile ambacho uso wa maji unaweza kubeba, na pampu ikabaki kuwa msaada wa ziada. Zipo pia pampu ndogo za betri, na zile zinazochajiwa, kwa wanaoweza kuzimudu.

Kuna jambo la usalama ambalo maduka hayasemi mara nyingi. Pampu ikiwekwa chini ya usawa wa maji na stima ikapotea, maji yanaweza kurudi nyuma kupitia kile kimrija, yakaingia ndani ya pampu na kumwagika hadi kwenye soketi. Pampu iwekwe juu kuliko maji, au kimrija kifungwe vali ndogo ya kuzuia maji kurudi. Waya wa umeme nao uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni.

Kichujio kilichozimika kwa saa nyingi kisiwashwe moja kwa moja stima ikirudi. Bakteria wazuri walio ndani yake hufa kwa kukosa oksijeni na uchafu huoza humo, na ukiwashwa hutemwa wote kwa samaki. Sponji isuuzwe kwanza katika maji yaliyotolewa kwenye tangi, si ya mfereji.

Bwawa la shambani na ziwa

Kinachotokea sebuleni hutokea pia shambani, na huko hasara ni ya pesa. Tangu mpango wa serikali ya kitaifa wa kuchochea uchumi ulipoanza 2009 na kusambaza mabwawa ya mita mraba 300 nchini, wakulima wengi wamejaribu tilapia na kambare. Bwawa lililotiwa mbolea huwa kijani kwa mwani, na mwani huo ni chakula kizuri cha tilapia. Lakini ukizidi, hufanya usiku kile ambacho mimea ya tangi hufanya, na kwa ukubwa wa bwawa zima. Mkulima atumbukize mkono wake hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, mwani umezidi. Aache kutia mbolea, apunguze chakula na aingize maji mapya kwa kuyaangusha kutoka juu. Tilapia hukua vizuri oksijeni ikiwa juu ya miligramu 3 kwa lita. Huweza kuishi chini ya hapo kwa muda mfupi, ila hula vibaya na kuugua.

Februari 2010, baada ya ukame wa 2009 kuyapunguza sana maji ya Ziwa Naivasha na kisha mvua kunyesha, samaki walionekana wakielea wamekufa. Katika mjadala uliofuata, wapo waliolaumu kemikali za mashambani na wapo waliotaja upungufu wa oksijeni. Hilo la pili si geni kwa wataalamu wa maji: mvua ya kwanza baada ya kiangazi huzoa samadi, majani na tope hadi ziwani, bakteria huanza kuviozesha, na oksijeni huisha. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba katika Ziwa Victoria upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ikaeleza kwamba maji ya chini yenye oksijeni kidogo yalikuwa yamepanda juu. Gugumaji, lililoingia Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo huziba uso wa maji kama ule utando wa mafuta kwenye tangi, ila kwa upana wa ekari.

Kwa sababu hiyo anayechoshwa na samaki wake wa mapambo asiwaachilie ziwani wala katika mto Malewa. Samaki wageni na mimea ya mapambo wamelisumbua Ziwa Naivasha vya kutosha. Awape jirani, awarudishe dukani, au aulize shule iliyo karibu kama inawahitaji kwa somo la sayansi.

Huduma za uvuvi ziko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Mkaazi mwenye bwawa ambaye samaki wake hupanda juu kila alfajiri anaweza kufika katika ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo yake. Aende akiwa ameandika saa aliyowaona samaki juu, rangi ya maji, idadi ya samaki na siku ya mwisho alipotia mbolea, maana hayo ndiyo maswali ya kwanza atakayoulizwa.